Kuonja bia kwa anayeanza: mwongozo kamili kwa aliyeko Mtwara

Mhudumu wa baa Mtwara ana swali moja kabla hajageuka kwenda kwenye friji: ya baridi au ya moto? Anayeanza hujibu "baridi" bila kufikiri, maana joto la pwani limemchosha na jasho linamtiririka. Kisha anakunywa kwa pupa, mdomo kwenye chupa, anakunja uso kwa uchungu, na siku hiyo hiyo anaamua kuwa bia haina ladha yoyote zaidi ya ukali. Ukweli ni kwamba hajaionja. Ulimi umekufa ganzi kwa baridi, harufu imebaki ndani ya chupa, na pengine bia yenyewe ilikaa wiki nyingi kwenye stoo ya bati.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Haumfundishi kunywa sana. Unamfundisha kunywa kidogo, polepole na kwa kulinganisha, mpaka aweze kusema kwa maneno yake mwenyewe kilichomo kwenye glasi na kwa nini anakipenda au hakipendi.

Kabla ya kuagiza

Kama hujatimiza miaka 18, ishia hapa. Mama mjamzito naye asiendelee, wala mtu aliye kwenye dozi ya dawa zisizopatana na pombe, kama metronidazole, wala atakayeshika usukani au pikipiki usiku huo. Na kwa kuwa pwani yetu ina Waislamu wengi, na hata miongoni mwa Wakristo wapo wasiogusa pombe kabisa, mwalike mtu kwenye meza bila kumlazimisha kwenye glasi. Anayekunywa soda pembeni yako ana pua nzuri kama yako, na anaweza kukusaidia kunusa.

Hatua ya kwanza: jua kilichomo ndani ya chupa

Bia inatokana na vitu vinne: maji, kimea, hopsi na chachu. Kimea wengi wetu tunakijua kutoka jikoni na kwenye pombe ya mtama: nafaka inalowekwa, inaachwa iote kidogo, inakaushwa, inasagwa. Tofauti ni kwamba kimea cha bia ya kiwandani kwa kawaida ni cha shayiri, nafaka ya nyanda za baridi, ambayo hapa Tanzania hulimwa kaskazini, maeneo ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Nafaka inapoota hujitengenezea vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Sukari hiyo ndiyo chakula cha chachu, na chachu ikishakula hutoa kilevi na gesi. Kimea kikikaushwa kwa moto mdogo bia inakuwa ya dhahabu na yenye ladha ya mkate. Nafaka ikikaangwa hadi kuwa nyeusi, unapata bia nyeusi kama Guinness, yenye harufu ya kahawa.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, unaopenda nchi zenye majira ya baridi. Kazi yake ni kuleta uchungu, harufu ya majani au maua, na kusaidia bia isiharibike mapema. Uchungu unaokukunja uso siku ya kwanza unatoka hapo.

Karibu bia zote utakazokuta baa ya Mtwara ni lager: Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Castle, Balimi, Ndovu, Heineken. Lager huchachushwa kwenye ubaridi, mara nyingi kati ya nyuzi 8 na 13 za Selsiasi, kisha hulazwa muda ili itulie, ndiyo maana ladha yake ni safi na haina harufu nyingi za matunda. Mtindo huu wa bia ya dhahabu inayong'aa ulianzia mji wa Plzeň, katika Jamhuri ya Czech ya leo, mwaka 1842, kwa mkono wa mpishi wa bia kutoka Bavaria aliyeitwa Josef Groll. Bia nyingi za kiwandani huongezewa mahindi au sukari ili ziwe nyepesi. Soma viungo kwenye lebo. Ukishaizoea hiyo tabia utashangaa ni mambo mangapi umekuwa ukiyaruka.

Kama kilevi chenyewe kinakutia wasiwasi, anza na kinywaji cha kimea kisicho na kilevi, kama Grand Malt. Kinywe polepole na ushike kumbukumbu ya ule utamu wa nafaka. Ndio utakaoutafuta baadaye chini ya uchungu wa bia.

Hatua ya pili: pata chupa ambayo haijachoka

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kwa mtu wa kusini jambo hili lina uzito kuliko kuchagua chapa. Mpaka ifike kwetu, bia ya kiwanda cha Dar es Salaam inasafiri zaidi ya kilomita 500: inavuka Rufiji, inapita Nangurukuru na Mingoyo, juani, juu ya lori. Ikifika inashushwa stoo. Kama stoo ni ya bati na haipitishi hewa, bia inazeeka haraka kuliko tarehe ya lebo inavyosema.

Wanaotengeneza bia wana kanuni ya kukadiria: siku 3 kwenye joto la nyuzi 32 huichakaza bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye ubaridi wa nyuzi 3. Ni makadirio tu, lakini mtu wa Mtwara anajua mchana wa Novemba ulivyo na hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua baa yenye wateja wengi, ambako kreti hazilali. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa na fedha zikaanza kuingia Newala, Tandahimba na Masasi, bia inatoka upesi na unayopewa ina nafasi kubwa ya kuwa mbichi. Miezi ya ukata, kama Aprili na Mei, chunguza zaidi. Igeuze chupa usome tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukiwa na chupa mbili mbele yako chukua yenye tarehe ya mbali. Omba ifunguliwe mezani, mbele yako. Usikubali ambayo kizibo kimeshaondolewa.

Angalia pia rangi ya chupa. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoharibu hopsi. Cha kijani huzuia kidogo tu, na cheupe hakizuii kitu. Heineken na Castle Lite zikiwa kwenye chupa ya kijani zisiwekwe juani kabisa, wala zisinunuliwe kutoka rafu iliyoelekea dirishani. Ukikaa ufukweni Shangani au Msimbati, weka chupa kivulini. Dakika chache za jua kali zinatosha kuleta harufu mbaya kama ya mpira ulioungua. Kopo halina shida hiyo, ingawa joto linalidhuru vilevile.

Bia iliyozeeka utaitambua kwa ladha ya boksi lililolowa, na mwisho wake ni mkavu na umefifia. Ukiikuta usijilaumu kwamba huna ulimi wa bia. Iache, jaribu chupa nyingine siku nyingine.

Hatua ya tatu: baridi ya kiasi

Baridi kali inafanya mambo mawili: inapunguza harufu inayopanda kutoka kwenye glasi, na inauganzisha ulimi. Kinachobaki ni gesi na ubaridi, ambavyo kwa kiu ya mchana vinatosha, lakini havikufundishi kitu. Bia ya moto kabisa, kwa joto letu la nyuzi 28 au 30, ina kasoro ya upande wa pili: kilevi kinapanda puani, gesi inatoka upesi na utamu unakuwa mzito. Wazee wanaoagiza ya moto wana sababu zao, na wanaonja zaidi ya vijana wanaotaka barafu juu ya chupa. Hata hivyo kwa anayeanza njia ya kati ndiyo nzuri.

Lager iwe kati ya nyuzi 5 na 8. Huhitaji kipimajoto. Chukua chupa ya friji la kawaida, si ya friza, imimine kwenye glasi, usubiri dakika tano hivi. Kwa hali ya hewa yetu itakuwa imefika. Bia nyeusi ngoja iwe na ubaridi mdogo zaidi, nyuzi 10 au 12, ambayo ni kama robo saa mezani. Usiweke vipande vya barafu kwenye glasi, kwani vinazimua bia na huwezi kulinganisha tena.

Kuna zoezi zuri hapa: onja funda moja glasi ikiwa baridi, moja baada ya dakika kumi, na moja baada ya dakika ishirini. Ni bia ileile, lakini utakutana na ladha ambazo mwanzoni hazikuwepo. Mimi naliona zoezi hili kuwa ndilo somo kubwa kuliko yote kwa mgeni wa bia, na halihitaji chupa ya pili.

Hatua ya nne: glasi

Omba glasi, na omba isuuzwe kwa maji safi bila kufutwa kwa kitambaa. Kitambaa cha baa kimepita kwenye sahani za chipsi, na mafuta kidogo tu huua povu. Mabaki ya sabuni nayo ni hivyo hivyo. Ukimimina ukaona mapovu yameng'ang'ania pembeni mwa glasi, ujue haijatakata.

Ilaze glasi upande, mimina taratibu ubavuni hadi nusu, kisha isimamishe na umimine katikati ili povu lipande upana wa vidole viwili. Wengi wetu tunalikimbia povu tukidhani tumepunjwa. Povu linatokana na protini za kimea zikishikana na uchungu wa hopsi. Linabeba harufu na kupunguza gesi itakayokujaa tumboni. Bia ambayo povu lake linakaa na kuacha alama kwenye kioo kila unapokunywa mara nyingi ni bia nzuri iliyomiminwa kwenye glasi safi.

Hatua ya tano: kuonja kwenyewe

Tazama kwanza. Rangi ya majani makavu? Dhahabu? Kahawia? Inang'aa au ina ukungu?

Kisha nusa, na usione haya mbele za watu. Zungusha glasi kidogo, vuta pumzi fupi mbili tatu badala ya moja ndefu. Kwenye lager tafuta mkate, unga wa mahindi, majani mabichi, ganda la limau. Kwenye bia nyeusi tafuta kahawa, sukari iliyoungua, kakao.

Ndipo unywe funda la wastani. Lisambaze mdomoni, ulizungushe juu ya ulimi mzima, ulimeze. Kuitema hakusaidii, kwani uchungu wa hopsi huonekana vizuri zaidi baada ya kumeza. Ukishameza, funga mdomo utoe pumzi puani. Harufu itarudi kwa nyuma, kutoka kooni kwenda puani, na hapo ndipo sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha inapopatikana.

Jiulize maswali haya kwa mfuatano: utamu ulianza lini? Uchungu ulikuja lini, na uliondoka lini? Ni nyepesi kama maji au nzito kama uji mwepesi wa togwa? Imeacha nini mdomoni baada ya nusu dakika?

Andika. Daftari dogo au simu inatosha: jina la bia, asilimia ya kilevi, tarehe ya lebo, ya baridi kiasi gani, na maneno matatu ya ladha. Tumia maneno ya kwenu. Kama inakukumbusha mabibo yaliyoanza kuchachuka chini ya mkorosho, andika hivyo hivyo. Mtu aliyekulia Newala akiinusa uraka, pombe ya mabibo, tangu utotoni ana kumbukumbu ya vitu vilivyochachuka ambayo watu wengi duniani hawana, naye aitumie kwa fahari. (Nipa ni habari nyingine. Hiyo ni pombe kali ya kukeneka, na ile ya kienyeji hakuna aliyepima kilichomo. Haina nafasi kwenye mafunzo haya.)

Hatua ya sita: chupa mbili mbele yako

Ulimi hauna kumbukumbu nzuri. Bia ya leo huwezi kuilinganisha na ya Jumamosi iliyopita, ila unaweza kuilinganisha na iliyo kando yake. Nenda na mwenzako mmoja au wawili, mgawane.

Mwambie mhudumu: "Dada, tunaomba Castle Lite moja na Safari moja, zisiwe za friza, na glasi nne." Hiyo ndiyo jozi ninayoipendekeza kwanza. Castle Lite ina asilimia 4 ya kilevi, Safari ina 5.5. Utaona tofauti ya uzito mdomoni kabla hujaona tofauti ya ladha. Anza na nyepesi, maliza na nzito, kisha rudi tena kwenye nyepesi: itaonekana kama imemwagiwa maji.

Jozi ya pili iwe Kilimanjaro na Serengeti. Hizi ziko karibu zaidi, kwa hiyo zinakulazimisha kutega pua. Usitafute iliyo bora. Tafuta iliyo tamu zaidi, kisha iliyo chungu zaidi, kisha ambayo uchungu wake unakaa.

Jozi ya tatu ni lager yoyote uliyoipenda pamoja na Guinness. Wengi husema bia nyeusi ni kali, na ni kweli kwamba Guinness inayouzwa kwetu ina kilevi kingi kuliko lager za kawaida, hivyo gawaneni chupa ndogo. Lakini rangi haihusiani na kilevi. Rangi inatoka kwenye nafaka iliyokaangwa. Ukiikuta Castle Milk Stout, ijaribu pia. Imewekwa sukari ya maziwa, ambayo chachu haiwezi kuila, kwa hiyo utamu wake unabaki na uchungu unapoa. Kama maziwa yanakuvuruga tumbo, iache.

Kuhusu uchungu

Mwili wa binadamu umezaliwa ukiukataa uchungu, kwa kuwa sumu nyingi za mimea ni chungu. Kuuzoea ni jambo la kujifunza, na mtu wa pwani ameshajifunza mara moja: kahawa chungu ya barazani, ile ya vikombe vidogo na kashata. Hakuna aliyeipenda kwa kikombe cha kwanza. Aliizoea kwa sababu aliinywa kidogo kidogo, na kitu kitamu pembeni, katika mazungumzo. Uchungu wa bia uutendee vivyo hivyo. Mafunda matatu au manne kwa jioni yanatosha mwanzoni, ukiwa umekula na ukiwa na watu. Baada ya majaribio kadhaa ulimi huacha kupiga kelele, na nyuma ya uchungu unaanza kusikia mkate.

Kuna watu ambao kwa maumbile huusikia uchungu kwa nguvu zaidi. Kama umejaribu kwa utaratibu huu na bado hupendi, hiyo ni hukumu halali. Umeipata kwa kuonja.

Chakula cha kando

Korosho za kuchoma ndizo rafiki wa kwanza. Mafuta yake yanapunguza makali ya uchungu, na gesi ya bia inasafisha mdomo tayari kwa korosho nyingine. Lakini ukila kwa vidole futa midomo kabla ya kugusa glasi, la sivyo mafuta yataliua povu. Chumvi iwe kidogo, maana ikizidi utakunywa kwa kiu.

Ming'oko, vile viazi pori vya kusini, ya kuchemsha inakaa vizuri sana na lager nyepesi, kwa kuwa haina ladha kali ya kuifunika bia. Pweza na ngisi wa kuchoma wanahitaji bia safi yenye uchungu kidogo na tone la ndimu. Mishkaki na mbuzi wa kuchoma, penye sehemu zilizoungua, wapelekee bia nyeusi: moshi unakutana na nafaka iliyokaangwa. Pilipili iwe ya wastani, kwani kilevi na gesi huongeza muwasho wake, na pilipili ikishatawala huonji tena kitu.

Siku ya kulinganisha jozi onja kwanza, kula baadaye. Kati ya bia na bia kunywa maji.

Kiasi

Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 5.5 ina takriban gramu 22 za kilevi halisi. Mwili wa mtu wa kawaida huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa moja hiyo inakuchukua saa mbili hadi tatu. Kahawa, kuoga wala kutembea haviharakishi. Kwa jioni moja ya kuonja, chupa mbili zilizogawanywa kwa watu wawili au watatu ni somo kamili. Baada ya hapo pua na ulimi vinachoka na unachoandika hakiaminiki.

Joto letu linakausha mwili, na bia inaongeza kukojoa. Glasi ya maji kwa kila glasi ya bia. Usinywe njaa ikikuuma, na baada ya kunywa usiingie baharini hata kama maji yametulia. Ukiona unaitafuta bia ili ulale au usahau jambo, acha mafunzo haya na uzungumze na mtu unayemwamini au mhudumu wa afya.

Jipime

Baada ya jioni kadhaa za jozi utataka kujua kama kweli unatofautisha au unasoma lebo tu. Mwombe mwenzako amimine glasi tatu ukiwa umegeuka: mbili za bia moja, ya tatu ya bia nyingine, zote kiasi sawa na ubaridi sawa. Funda mbili za kila glasi zinatosha. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti. Rangi zikikusaidia, funga macho.

Ukipatia mara moja bado inaweza kuwa bahati, kwa kuwa kubahatisha kuna nafasi moja kati ya tatu. Ukipatia mara tatu mfululizo, bahati tupu ina nafasi moja kati ya 27. Anza na Castle Lite dhidi ya Safari, kisha panda hadi Kilimanjaro dhidi ya Serengeti. Ukishindwa hii ya pili, rudi kwenye zoezi la dakika kumi na ishirini, kisha ujaribu tena wiki nyingine kwa chupa ambazo tarehe zake umezisoma.